Mama Anaanguka

Kakamega,
12 Machi 1967

Kwa mwanangu mpendwa Philemon, kalani wa Serikali,

Pokea salamu nyingi kushinda miwa yote ya Kabras, ukiongeza na ile ya Ekero. Sisi huku tuko wazima, mimi na dada yako Ayuma. Cherehani pia ni nzima, nakwambia mapema kwa sababu barua iliyopita hukuiulizia na yenyewe ndiyo ilikusomesha.

Ile picha yako ya tai nimeitia kwenye fremu. Haikai ukutani. Ninaendanga nayo sokoni ndani ya kikapu, chini ya vitambaa, na mteja akiketi kungoja nguo yake namtolea. Nawaambia huyu ndiye kalani, Wazungu waliobaki katika ofisi yake ndio wanamwuliza yeye faili iko wapi. Juzi mama mmoja wa kwaya aliniambia picha hiyo ameshaiona. Nikamwambia aitazame tena, pengine tai imebadilika.

Kifua changu ni kilekile. Mvua ikinukia tu, pumu inaamka. Nimechomwa sindano tena hospitalini, nikarudi mikono inatetemeka mpaka Ayuma akanitungia uzi kwenye sindano yangu mwenyewe. Lakini usihangaike, mimi ni wa kukaa.

Kazi iko. Amekuja mtu mmoja anaitwa Swaleh, Mwislamu wa Mumias, alikuwa polisi akastaafu. Anafundisha watu mchezo wa Wajapani katika ule ukumbi nyuma ya soko, mchezo wenyewe unaitwa jido. Anataka makoti meupe ya marekani, kitambaa juu ya kitambaa, kwa sababu wanashikana kola na kutupana chini. Nimemwambia hapa Kakamega hakuna fundi mwingine ambaye mshono wake unaweza kutupwa chini ukaamka. Ananisalimia Asalaam aleikum, nami namjibu vizuri kabisa, halafu naongeza Bwana asifiwe ili nisije nikaulizwa mbinguni.

Sellah hajambo? Baba yake, Mwalimu Erastus, nilimwona kwenye mkutano wa kanisa. Anatembea kama shule nzima imepanga foleni nyuma yake. Mwambie Sellah mama mkwe anamngoja, na nguo ya harusi asimpe mtu mwingine yeyote ashone.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Roda Kageha


Nairobi,
2 Aprili 1967

Mama mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi sijambo, kazi inaendelea.

Mama, naomba usiudhike. Neno karani huandikwa kwa r. Bahasha yako iliandikwa "kalani" kwa herufi kubwa na ilipitia mezani kwa wenzangu kabla ya kunifikia. Wanatoka sehemu nyingi hapa, na watu wetu wa Magharibi tunachekwa kwa jambo hilo hilo. Pia ingekuwa vyema kama picha ingekaa nyumbani.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mwalimu Erastus amekubali kuwa watu wake wa Kabras watakuja kuiona boma yetu mwezi wa Agosti. Kabla ya hapo, kama unavyojua desturi, watatuma watu kuuliza chini kwa chini: ni ukoo gani, wana tabia gani, na wana ugonjwa gani. Sellah sijamwambia kuhusu kifua chako. Kuna watu wanaoamini kuwa pumu inafuata damu. Nakuomba, mtu akikuuliza, sema ni mafua. Na siku ya wageni, ikiwezekana, kaa mbali na moshi na ujitahidi usikohoe mbele yao.

Nisalimie Ayuma.

Mwanao,
Philemon


Kakamega,
21 Mei 1967

Kwa mwanangu Philemon, karani,

Karani, karani, karani. Umeona? Hiyo r nimeipiga pasi. Bahasha nimempa Ayuma aandike, kwa hiyo wenzako wakae na njaa ya kucheka.

Hayo ya Kabras nimeyasikia. Nitasema mafua. Lakini huenda nisihitaji kusema lolote, na hapa ndipo nataka ukae vizuri kwenye kiti chako cha Serikali.

Kifua kimefunguka. Mvua ya Aprili imenyesha mpaka njia ya soko imekuwa mto, na sijapelekwa hospitalini. Nimepanda kile kilima cha kanisa nikiwa nimebeba kichwa cha cherehani, na nilipofika juu niliimba ubeti mzima kabla ya wengine kuanza. Kasisi aligeuka kuangalia ni nani. Ni mimi.

Nimepata dawa. Hainywewi wala haipakwi. Ni Swaleh anayenipa, kila Jumamosi, na mke wake Asiya anakaa pale mlangoni akisuka mkeka, kwa hiyo usiwaze mambo yako. Nitakueleza ukija, haifai kwenye karatasi. Nakwambia tu kwamba katika wote wanaoitumia dawa hii, na wengine ni polisi wenye mabega kama kabati, mimi ndiye wa kwanza. Swaleh mwenyewe amesema.

Mama yako mwenye kifua kipya,
Roda Kageha


Nairobi,
10 Juni 1967

Mama,

Naandika haraka. Leo nimepokea barua ya Sellah, na nimelazimika kutoka nje ya ofisi kuisoma mara ya pili.

Anasema watu waliotumwa na baba yake kuulizia habari zetu wamerudi Kabras na neno moja. Wameambiwa sokoni Kakamega kwamba mama yake Philemon anaanguka. Kwamba anaanguka kila Jumamosi, katika ukumbi, watu wakitazama, na kwamba akiwa chini anaupiga mkono wake sakafuni na kutoa sauti. Mama, Sellah aliniuliza kwa upole kama ninyi mna kifafa. Aliandika neno lenyewe, halafu akalikata, lakini linasomeka.

Baba yake amesema safari ya Agosti ingoje.

Kwa nini hukuniambia? Hiyo dawa ya Swaleh ni ya kifafa? Ni uganga? Ulianza kuanguka lini? Nimejaribu kukumbuka utoto wangu wote na sikumbuki ukianguka hata siku moja, nakumbuka kifua tu. Nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka, na unieleze kweli tupu. Nimeona aibu leo, Mama, na sijui naona aibu ya nini.

Philemon


Kakamega,
16 Juni 1967

Mwanangu Philemon,

Nimecheka mpaka Ayuma akaja mbio akidhani ni pumu. Halafu nilipoacha kucheka nikaona kwamba hilo jambo nimelifanya mimi, kwa mdomo wangu.

Kweli tupu ni hii. Naanguka. Hiyo ndiyo jido. Nilimpelekea Swaleh makoti mwezi wa Machi, na kufika mlangoni kifua kikanifunga. Unakijuanga. Alinikalisha chini, akaniambia, "Mama Roda, wewe pumzi unayo. Unaikalia kama mtu anayekalia sanduku lake. Itoe." Nikamwambia nikiitoa haitarudi. Akasema hao polisi wake nao wakianguka wanazuia pumzi kwa hofu, ndiyo sababu wanaumia, na somo lao la kwanza ni kuanguka tu. Kidevu kifuani, mgongo ukunjike kama kikapu, mkono upige mkeka, na pumzi itoke yote: ha! Mwenye hofu anaumia, aliyeiacha pumzi haumii.

Niliwatazama Jumamosi mbili hivi nikisingizia kuangalia mishono. Halafu nikamwambia Asiya alinde mlango. Ayuma alinipunguzia ile suruali nyeusi ya marehemu baba yako, naivaa ndani ya sketi, na koti nilijishonea mwenyewe, la kwangu lina mfuko. Swaleh huwa ananyunyizia mkeka maji kwanza ili vumbi lisinikamate. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia. Sasa naanguka kama paka wa tajiri. Hanitupi mtu, baba, usiogope. Naanguka mwenyewe, upande huu na upande ule, na nikiamka kifua kiko wazi kama dirisha la Pasaka.

Sasa ya sokoni. Yule mama wa Malava, kulekule Kabras, anayeuza sukari guru aliniuliza mbona Jumamosi nafunga kibanda mapema. Mimi nikamjibu, tena kwa maringo, naenda kuanguka. Akasema pole. Nikamwambia pole ya nini, naanguka vizuri kuliko wote. Mimi nilikuwa naongea habari za mchezo, yeye akasikia habari za ugonjwa. Nilishangaa kwa nini alininyang'anya kikombe chake cha chai nilichokuwa nimeshika.

Basi waeleze Kabras. Ni jambo la kucheka tu. Wewe una maneno.

Mama yako,
Roda Kageha


Nairobi,
25 Juni 1967

Mama,

Nimesoma. Sikucheka.

Nimejaribu kuandika barua kwa Mwalimu Erastus kama ulivyosema, na kila nikiandika nairarua. Niandike nini? Kwamba mjane wa mwalimu wa kanisa, mama wa watu wazima, anavaa suruali ya marehemu mumewe na kujibwaga chini katika ukumbi wa watu, akifundishwa na polisi mstaafu wa Mumias? Hilo la kifafa angalau wangelihurumia. Hili watalicheka, na watalicheka harusini, na watoto wangu watachekwa nalo shuleni. Wewe unafikiri kila kitu chako ni cha kuonyesha watu. Umefanya hivyo na picha yangu, sasa umefanya hivyo na mwili wako.

Nisamehe kwa maneno hayo lakini siyakati.

Nimemwandikia Mwalimu kwamba ulikuwa na malaria kali iliyopanda kichwani, ndiyo iliyokuwa ikikuangusha, na sasa umetibiwa na umepona. Basi iwe hivyo hivyo. Mtu yeyote akikuuliza umeugua nini, sema malaria. Na huko ukumbini usirudi, walau mpaka harusi ipite. Kifua kilikuwepo miaka yote, tukaishi nacho.

Mwanao,
Philemon


Kakamega,
3 Julai 1967

Mwanangu Philemon,

Nimekusikia.

Koti nimelikunja nikaliweka chini ya sanduku. Suruali ya baba yako nimeirudisha urefu wake. Swaleh nimemwambia mikono inaniuma kwa kushona. Hakuuliza neno, alisema tu Mungu akuponye mikono. Nadhani alijua.

Picha yako iko ukutani sasa.

Yule wa sukari guru amenipita leo, nikamwambia ilikuwa malaria. Alisema yeye alijua tu.

Sina mengi. Ayuma anakusalimu.

Mama yako,
Roda


Nairobi,
17 Julai 1967

Mama mpendwa,

Habari njema. Mwalimu Erastus ameipokea barua yangu vizuri. Anasema hata yeye malaria iliwahi kumpanda kichwani akawa anawafokea wanafunzi ambao hawapo. Safari ya Agosti iko palepale, tarehe watataja wenyewe. Sellah anakusalimu sana na ameuliza rangi unayoipenda, nadhani anakufumia kitu.

Asante, Mama. Umenipa heshima kubwa. Barua yako ilikuwa fupi mno, si kawaida yako, mpaka niliigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Nimekutumia sabuni na kilemba kipya kwa mtu anayekuja huko. Siku ya wageni uvae hicho.

Mwanao,
Philemon


Kakamega,
29 Julai 1967

Kaka Philemon,

Mama amenikataza nisikuandikie. Naandikia hapa posta, nimesimama.

Pumu ilirudi wiki ileile aliyoacha kwenda kwa Swaleh. Hakukwambia na mimi nilinyamaza kwa sababu aliniapisha. Mvua hizi zimemmaliza. Anashona kidogo, anashika meza, anashona kidogo. Jioni ananiita tufanye mazoezi. Unajua ni mazoezi gani? Anakaa kwenye kile kiti cha baba, mimi najifanya mke wa Mwalimu Erastus, namwuliza habari za miaka mingi, na yeye anajibu. Kikohozi kikimjia anauma pembe ya kanga mpaka kipite. Anauma kabisa, kaka. Kanga ile ya samawati imetoboka.

Jumanne alizidiwa, midomo ikabadilika rangi. Tulimfikisha hospitalini kwa baiskeli ya jirani. Daktari alimwuliza anaugua nini. Mama akasema malaria.

Nilidhani ameweweseka. Daktari akamwuliza tena, akaonyesha kifua chake, mbona kinalia hivi? Akasema kwa hiyo sauti ya uzi iliyobaki, "Ni malaria, daktari. Ilipanda kichwani. Mwanangu ni karani, ameandika hivyo." Nesi mmoja ni wa upande wa Malava na alikuwa amesimama pale, Mama alikuwa anamtazama yeye. Ilibidi niseme mimi kwa nguvu kwamba ni pumu, na Mama akafumba macho kana kwamba nimemvua nguo mbele ya watu.

Walimchoma sindano na sasa anaendelea. Atatoka kesho kutwa. Swaleh alikuja na Asiya. Yeye Swaleh hakuingia, alisimama nje karibu na ua, kofia mkononi, akamtuma Asiya ndani na uji. Nilimwambia aingie. Akasema, "Sitaki watu waseme tena juu ya mama yenu."

Sikuandikii ili ulie. Nakwambia tu kile ulichomwambia aseme, na mahali alipokisema.

Dada yako,
Ayuma


Nairobi,
4 Agosti 1967

Mama,

Ayuma ameniandikia. Usimgombeze.

Nimekaa na karatasi hii tangu nitoke kazini. Kila nikiandika neno la kwanza naona ni la karani, la kumweleza mtu aliye nje ya dirisha. Basi naandika tu.

Nilikuwa mtoto, ulikuwa ukinibeba mgongoni kwenda kanisani, na nilikuwa nikisikia kifua chako kwa sikio langu, kinapiga filimbi. Nilifikiri mama wote wana filimbi. Nilikipenda. Sijui ni lini nilianza kukionea aibu. Nadhani ni mwaka nilipoanza kuvaa viatu.

Nilikwambia useme malaria ili mtu mmoja wa Kabras asinicheke. Wewe ukaisema kwa daktari, ukiwa huna pumzi, kwa sababu mimi niliiandika. Siwezi kuyaondoa hayo kwa barua.

Rudi ukaanguke. Usingoje harusi. Suruali ya baba ipunguze tena, yeye asingekataa. Mwombe Swaleh anisamehe, au usimwombe, nitamwomba mwenyewe.

Ruhusa ya kuja nimeomba, nitapewa mwisho wa mwezi. Wageni wakija kabla yangu, kohoa, Mama. Kohoa upendavyo.

Mwanao,
Philemon


Kakamega,
20 Agosti 1967

Kwa mwanangu Philemon, karani,

Kaa chini. Wamekuja.

Hawakutaja tarehe. Nafikiri walitaka kutukuta kama tulivyo, na walitukuta kama tulivyo kabisa. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka ukumbini, ni mara yangu ya pili tangu nirudi, na koti langu jeupe lilikuwa juu ya ua linakauka, mfuko na yote. Ayuma alikuwa anakimbiza ingokho, mwenyewe hajui kwamba huyo kuku ni wa wageni, alikuwa ametoroka tu. Nikaona Mwalimu Erastus anaingia na mke wake na wazee wawili. Kile kilemba chako kilikuwa sandukuni. Nilikuwa nimefunga ile kanga yenye matundu.

Niliona aibu, Philemon. Nakwambia wewe kwa sababu umeniambia yako. Mimi ambaye sikosi maneno niliona aibu mpaka masikio yalipata moto. Niliwakaribisha, nikakaa kwenye kiti, miguu pamoja, kama tulivyofanya mazoezi. Ayuma alimkamata kuku, akasonga obusuma, moshi ukaja wote upande wangu kama umetumwa. Kikohozi kikapanda. Nikashika pembe ya kanga. Nikaikumbuka barua yako, nikaiachilia, nikakohoa. Nilikohoa vizuri, mpaka mwisho.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama Philemon, tulisikia kwamba unaanguka. Halafu mwanao akatuandikia kwamba ulipona."

Nikamwambia, "Sijapona, Mwalimu. Naanguka bado. Leo asubuhi nimeanguka."

Mzee mmoja alisogeza kiti chake nyuma. Nikawaeleza yote, pumu na Swaleh na Asiya mlangoni. Lakini niliona hawaelewi. Maneno yalikuwa yanatoka kinywani mwangu ni mchezo na yakifika masikioni kwao yanakuwa ugonjwa, kama vile kwa yule wa sukari guru. Kadiri ninavyosema ndivyo mke wa Mwalimu anavyonitazama kwa huruma. Na huruma hiyo, baba, ilinichoma kuliko sindano. Nikaona kwamba kwa maneno sitoki hapo.

Basi nikasimama. Nikaenda pale kwenye nyasi, mbele ya koti langu, nikaikaza kanga kiunoni. Ayuma akasema, "Mama, tafadhali." Nikaweka kidevu kifuani, nikaanguka.

Nilipiga nyasi kwa mkono, nikasema ha! Nikainuka. Nikaanguka upande wa pili. Nikainuka. Na suruali sikuwa nimevaa, lazima nikwambie ukweli wote, kanga ilinionyesha magoti na zaidi ya magoti, na mzee mmoja aligeuka kuangalia migomba. Sikuwahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe. Nilikuwa nimesimama pale na majani kwenye nywele, mama wa kanisa, nikajua nimekuharibia harusi. Na wakati huohuo kifua changu kilikuwa wazi, hewa inaingia inatoka kama mtu wa nyumbani. Vyote viwili vilikuwa pamoja. Sikujua vinaweza kukaa pamoja.

Halafu Mwalimu akauliza, "Na hiyo ndiyo kuanguka kwenyewe?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Ile ya kwanza sikuiona vizuri."

Nikairudia. Mke wake akaanza kucheka, akajifunika mdomo, akaniomba radhi, akacheka tena. Mimi pia. Kicheko kikaniletea kikohozi na sikukificha. Chakula kilipokuja nilimtazama Mwalimu mkono unakwenda wapi, maana mgeni asiyeridhika hula ugali mkavu akaaga. Alikula firigisi, kile kipande cha mgeni wa heshima. Aliila polepole akiwa anafikiri. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema watakaa waongee. Alipokuwa anaondoka alisimama karibu na koti langu, akaishika ile kola, akaivuta kwa nguvu hivi, kama anajaribu. Haikuachia hata uzi.

Basi ni hayo. Kuna jambo moja limebaki, na hilo sikuligusa. Mwalimu aliniuliza njiani, akiwa ameshageuka mgongo, "Sasa ile malaria ilikuwa ni nini?" Nikamwambia malaria ni ya Philemon, atakueleza mwenyewe.

Sikutaka kukuanika. Lakini kukusemea pia sikutaka. Ile nimekuachia.

Mama yako,
Roda Kageha


Nairobi,
27 Agosti 1967

Mama,

Nimemwandikia Mwalimu Erastus. Nimemwambia kwamba malaria haikuwepo. Nimemwambia mama yangu ana pumu tangu nilipokuwa mgongoni kwake, kwamba nililijua hilo na nikalificha, na kwamba nilikukataza dawa iliyokuwa inakusaidia kwa sababu niliona aibu ya suruali. Barua hiyo sikuirarua. Nilipoitia kwenye sanduku la posta niliushikilia mkono wangu mlangoni mwake muda, mtu aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama nataka kuingia humo.

Sellah naye nimemwandikia. Hawajajibu. Huenda watasema damu yenu yenye filimbi tungeivumilia, ila uongo hatuutaki. Watakuwa na haki. Jana ofisini niligundua kwamba nimezuia pumzi, sijui tangu saa ngapi. Nikasimama dirishani nikaitoa yote. Wenzangu waligeuka.

Mmoja aliuliza nina nini. Nikatoa barua yako mfukoni, nikamwambia mama yangu ni fundi cherehani Kakamega na anaanguka kuliko polisi. Akasema pole. Nikamwambia pole ya nini.

Naja Ijumaa. Jumamosi nipeleke ukumbini unionyeshe kwa Swaleh, nina neno la kumwambia. Na uniwekee koti. Jibu la Kabras likija baya, nataka niwe nimeshajifunza somo la kwanza.

Ni mimi mwanao,
Philemon, kalani